Mbuzi, Mwambie Asitembee

Tulinagwe alikuwa akiimba, na mwanamke mwenye baba mkwe hai hatakiwi kuimba njiani. Anatakiwa kutega masikio. Lakini angeachaje kuimba? Mvua za masika zilikuwa zimeshusha pumzi siku hiyo, njia ya kutoka Mwaya kwenda Ikolo ilikuwa laini chini ya nyayo, chungu kipya cha mama yake kilikaa kichwani kama kimezaliwa pale, kapu la chakula lilining'inia mkononi, na mimba yake, iliyoanza kuinua kaniki kwa mbele, ilikuwa imetulia baada ya kumsumbua mtumbwini njia nzima kutoka Lyulilo. Mumewe, Asajile, alimpokea bandarini Mwaya akiwa na gunia la mpunga begani, maana meli ya Wajerumani ilikuwa imetia nanga na kila mwenye mgongo aliitwa kupakia. "Tangulia," alimwambia. "Jioni nitakukuta nyumbani." Basi akatangulia, akiimba.

Hakumsikia baba mkwe akija.

Wala baba mkwe hakumsikia yeye, na huyo ndiye mwenye hatia kubwa zaidi, kwa sababu mzee Ambilikile alikuwa na kikohozi chake maalumu cha njiani. Kila alipokaribia kona alikohoa, khoo! khoo!, hata kama kifua chake ni kizima kama ngoma, ili wakamwana wake wapate nafasi ya kujificha. Siku hiyo hakukohoa kwa sababu alikuwa anagombana na mbuzi. Alikuwa anampeleka beberu Mwaya kwa rafiki yake Hezroni, na beberu hakutaka kwenda Mwaya. Mzee alikuwa anamhubiria habari za utii.

Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mkamwana na baba mkwe hawakuonana. Si kwamba walichukiana. La, ilikuwa heshima, wenyewe wakiiita ukutila, yaani kumwogopa mtu kwa adabu. Mwanamke hakuutazama uso wa mkwewe, hakumsemesha, hakukaa naye chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mwanamke aliruka pembeni, akapiga magoti, akageuza mgongo na kujifunika kaniki mpaka mzee apite. Aliyevunja mwiko huo, walisema, mtoto hatakaa tumboni mwake. Mwalimu wa kanisa alikuwa ametangaza kwamba kumwona mkwe si dhambi, watu wakaitikia amina. Lakini mke wa mwalimu huyohuyo alikuwa akisikia kikohozi cha mkwewe anaingia migombani kama kanga.

Basi kwenye ile kona wakatokeana uso kwa uso, chungu, mbuzi na wote.

"Yesu wangu!" akasema mzee.

"Mama yangu!" akasema Tulinagwe.

Kila mmoja akaruka. Na kila mmoja, kwa adabu yake, akageuka kwanza ndipo akaruka kinyumenyume, ili asimwone mwenzake. Ubaya ni kwamba upande mmoja wa njia ulikuwa na mtaro uliojaa maji, kwa hiyo wote wawili walichagua upande wa pili, penye rundo la majani makavu ya mgomba. Wakarudi nyuma, wakarudi nyuma, wakainama, na mgongo wa mkamwana ukaugonga mgongo wa mkwe, pu! kama milango miwili inayofungwa kwa pamoja, mzee akaangukia majani.

Tulinagwe alishika chungu kwa mikono miwili na kufumba macho. Dunia haikupasuka. Alisikia mzee akipumua kwa hofu nyuma yake, kisha akasikia sauti yake, nzito na yenye heshima, ikisema na mtu mwingine kabisa.

"Wewe mbuzi," alisema mzee Ambilikile, "huna adabu. Unamgongaje mtu mzima mgongoni namna hii?"

Mbuzi, aliyekuwa ng'ambo ya njia akila nyasi, akalia, "Mee."

Tulinagwe alitaka kucheka akajizuia, akaisikia mimba ikitikisika. Kumbe mzee ni mtu mwema! Amemtwisha mbuzi kosa lote ili mwiko usimpate mtu. Akakitua chungu, akatambaa kando, akasogea kwa magoti mpaka nyuma ya mgomba mnene, akakaa pale amegeuza mgongo, anasubiri mzee ainuke aende zake.

Mzee akaweka mkono katika majani ili ajiinue. Akasema, "Aa."

Haikuwa sauti ya mtu aliyeumia. Ilikuwa ya mtu aliyekuta tope kwenye kiatu. Akasema tena, "Aa, ondoka wewe," na akaukung'uta mkono, na kilichokuwa kwenye mkono hakikuondoka upesi. Kiling'ang'ania katikati ya vidole, kikatafuna, kikatafuna kama kibogoyo anayetafuna muwa, ndipo kikaanguka.

"Mbuzi," akasema mzee akicheka, "nimeumwa na nyungunyungu. Nimeishi mpaka nimezeeka, leo nyungunyungu ameniotea meno."

Kile kitu kikapita chini ya majani, kikatokea karibu na goti la Tulinagwe. Hakikuwa nyungunyungu. Kilikuwa chembamba, kilaini, kinang'aa kama kimepakwa samli, na mwili mzima kimevikwa pete: nyeusi, nyekundu ya udongo, uzi mweupe, tena nyeusi, tena nyekundu. Mtoto yeyote angekiokota ajivishe kiunoni. Ndio uzuri wa mkakasi huo! Hakikumtazama mtu, hakikufoka, hakikutunisha shingo. Kilikwenda zake kwa upole kama mgeni anayeaga, kikazama ardhini.

Tulinagwe alimjua nyoka huyo. Kwao Lyulilo, wanawake wa Kikisi wanaochimba udongo wa kufinyangia vyungu walimwita nyoka wa pete, na wakati Tulinagwe akiwa mtoto nyoka kama huyo alimtafuna shangazi yake, Veronika, kwenye shimo la udongo. Shangazi naye alicheka. Alikuja nyumbani anacheka, anaonyesha kidole, "Hata hakiumi!" Baadaye kope zake zikaanza kushuka, zikashuka, kama mtu anayesinzia kanisani, na watoto wakafukuzwa nje. Kutoka nje Tulinagwe alisikia mama yake akipiga kelele: "Mlazeni ubavu! Mate yatoke! Asizame kwenye mate yake!" Shangazi Veronika alipona. Chale za wembe walizomchanja kidoleni ndizo zilizokataa kupona. Zilioza zikamla kucha.

Nyoka wa aina hii hana haraka. Mwenye meno marefu hukuumiza papo hapo nawe ukapiga kelele ukasaidiwa. Huyu hukuacha ucheke kwanza. Ndiyo maana mtoto akija anasema kimenitafuna kitu lakini hakiumi, usimwambie nenda kacheze.

Na mzee Ambilikile alikuwa tayari ameshika kamba ya mbuzi. "Twende," alisema. "Hezroni anatusubiri."

Tulinagwe kumsemesha mkwe hawezi. Kunyamaza hawezi. Akageuza kinywa upande wa mbuzi.

"Mbuzi," akasema kwa sauti ndogo. Kisha kubwa: "Ewe mbuzi! Mwambie asitembee!"

Kamba ikasimama. Ndege mmoja akapita.

"Mbuzi," mzee akauliza polepole, "ni wewe umesema?"

"Mee," akasema mbuzi.

"Mbuzi, mwambie huyo si nyungunyungu. Ni nyoka wa pete. Alimtafuna shangazi yangu. Sumu yake hukimbia pamoja na miguu. Mwambie akae chini, atulie kama chungu kilichoanikwa."

Mzee alifikiri. Lilikuwa jambo gumu. Kumjibu ni kumsemesha, na kutomjibu ni ukorofi. Akamwinamia mbuzi sikioni. "Mbuzi, mwambie aliyesema kwamba nimesikia, ndaga, namshukuru. Lakini mkono hauumi. Mkono uko sawa kabisa. Tena mwambie wanawake wa Kikisi wanaogopa mpaka kivuli cha mkia wa panya."

"Mbuzi, mwambie wanawake wa Kikisi wamezika watu waliosema mkono uko sawa!"

"Mbuzi, ana ulimi huyu!"

"Mbuzi, mwambie ulimi wake mwenyewe auangalie, maana ndio utakaotangulia kulegea!"

Mbuzi alimtazama huyu, akamtazama yule, akaona kapu la Tulinagwe limeanguka njiani, akaenda kula mikate ya kungu, wale vijidudu wa ziwani, iliyokuwa ndani. Mzee, kwa kuwa kamba iko mkononi na mbuzi amesimama, ilimbidi naye asimame. Na kwa kuwa amesimama akaona afadhali akae. Akakaa chini ya mgomba wake, Tulinagwe nyuma ya mgomba wake, migongo imeelekeana.

"Mbuzi, mwambie sikukaa kwa sababu ya nyoka," akasema mzee. "Nimekaa kwa sababu wewe unakula."

Akatoa kisu kidogo. Tulinagwe akasikia kikitoka alani.

"Mbuzi! Mwambie asijichanje! Asinyonye! Sumu haitoki kwa kisu, kinachotoka ni damu tu."

Kisu kikarudi alani. Mzee akaguna. Akaanza kuimba wimbo wa kanisa, apate kuonyesha kwamba hana neno. Aliimba vizuri ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili maneno yakaanza kugongana. Ubeti wa tatu ulitokea puani.

"Mbuzi," akasema kwa mshangao, "midomo yangu imekufa ganzi. Kama nimekula ndizi mbichi." Kisha akacheka, kicheko chembamba ambacho Tulinagwe hakuwahi kukisikia kupitia kuta za nyumba. "Tazama! Tazama, Bwana amenibariki! Nilitoka na beberu mmoja, sasa ninao wawili!"

"Mbuzi, mwambie uko mmoja," akasema Tulinagwe.

"Wawili! Wanafanana kama pacha. Mmoja wa Hezroni, mmoja wangu. Lakini," akaongeza kwa huzuni, "wamesimama mmoja ndani ya mwingine, sijui nitawatenganishaje."

Tulinagwe alicheka. Angefanyaje? Alicheka machozi yakimtoka, akijiziba kinywa kwa kaniki, huku akijua vizuri kwamba macho yanayoona viwili hufuatiwa na kope kushuka. Na kweli, mzee akauliza mbona kumeingia giza mapema hivi, na jua lilikuwa utosini.

Hapo ndipo Lameck akatokea.

Lameck alikuwa jirani yao wa Ikolo, mtu wa miguu mirefu, mchekeshaji, mpenda pombe ya ulezi. Mzee Ambilikile, kwa cheo chake cha mzee wa kanisa, alikuwa amemzuia asikaribie meza ya Bwana mpaka aiache. Sasa Lameck akamkuta mzee huyohuyo ameegemea mgomba, kope zimeshuka nusu, mate yanamtiririka kidevuni, anamwambia mbuzi habari za pacha kwa ulimi mzito.

Lameck akasimama. Furaha iliyomjia usoni ilikuwa kubwa mno kwa uso mmoja.

"Mwagonile, tata!" akamwamkia kama mtoto kwa baba yake, akipiga magoti kwa heshima ya kupindukia. "Mwagonile, mzee wangu wa kanisa! Ndaga fijo, Mungu, kwa kuniacha hai mpaka leo! Umekunywa wapi, tata? Nipeleke! Mimi Lameck, mwenye dhambi, sijawahi kulewa mpaka nikamwona mbuzi pacha!"

"Shijanywa," akasema mzee.

"Shijanywa!" Lameck akarudia, akagaagaa majanini kwa kicheko. "Hata mimi husema hivyohivyo, tata! Husema shijanywa!"

"Shemeji!" akapiga kelele Tulinagwe kutoka nyuma ya mgomba. "Acha upuuzi! Na utoke kwenye hayo majani!"

Lameck akashtuka. "Mke wa Asajile? Uko hapo? Na mkweo yuko hapa?" Akatazama mgomba huu, akatazama ule, furaha ikaongezeka. "Jamani, hii siku!"

"Ameumwa na nyoka, kwenye hilo rundo ulilolalia."

Lameck hakuinuka, alipaa. Alipotua alikuwa katikati ya njia anajipapasa kila mahali. Lakini alikuwa na moyo mzuri, na alipomtazama mzee mara ya pili, kicheko kikamkauka. Akashika kibuyu chake cha maji. "Maskini. Ngoja anywe kwanza."

"Usimnyweshe! Hawezi kumeza. Yatamwingia kifuani."

"Maji tu, shemeji."

"Hata mate yake mwenyewe hayamezi, ndiyo hayo yanayomtoka! Lameck, una miguu mirefu?"

"Ninayo."

"Basi itumie. Kimbia Ikolo, waambie mama na wanaume walete machela. Kimbia kama askari wa boma wako nyuma yako."

Neno askari lilimfaa Lameck. Akatimua, matope yakiruka nyuma yake, na kwa mbali alisikika akilia, "Tata, nisamehe! Tata, sitakunywa tena! Au nitapunguza!"

Wakabaki watatu: yeye, mzee na mbuzi.

Tulinagwe akakaa amegeuza mgongo, anasikiliza. Kusikiliza ndiyo kazi aliyoiacha asubuhi, sasa akaifanya kwa mwili mzima. Mzee hakuimba tena. Hakumtania mbuzi. Pumzi yake ilitoka ikikoroma, ikikoroma kwa majimaji, kama chungu cha maharage kinachotaka kufurika.

"Mbuzi," akasema, "mwambie alale ubavu."

Majani yalichakarika kidogo. Mtu alijaribu. Mtu alishindwa.

"Mbuzi, mwambie ajaribu tena. Mwambie ubavu wa kulia, kichwa kishuke, mate yatoke."

Mkoromo ukakatika katikati, ukarudi. Tulinagwe akageuza shingo kidogo. Hakuangalia uso, aliangalia mahali mbuzi alipokuwa, na mbuzi hakuwepo. Alikuwa amemaliza mikate, ametafuna kamba, amekwenda zake Ikolo kwa raha.

Sasa hakukuwa na wa kumtuma.

Aliweka mkono tumboni. Alimwona mama mkwe, Damari, jinsi alivyomkalisha siku ya kwanza ya ndoa akamwambia, "Mwanangu, kosa lolote hapa husameheka ila hilo." Alikumbuka mwanamke wa kijiji cha jirani aliyemgonga mkwewe mlangoni, mimba ikatoka. Labda ingetoka tu. Nani ajuaye? Mwalimu alisema hivi, bibi vizee walisema vile, na mwenye tumbo alikuwa yeye. Akachuma jani bichi la mgomba, akajifunika uso. Akachuma mengine mawili, akajizungushia mikono ili ngozi isiguse ngozi. Akatambaa kinyumenyume kumwelekea mzee, kama kaa wa ziwani, akamsukuma kwa mikono iliyofungwa. Majani yakateleza. Akasukuma tena. Yakachanika. Mzee alikuwa mrefu kama mwanzi na mzito kama mvule.

Mkoromo ukakatika, na safari hii haukurudi.

Tulinagwe akautupa ule uzuri wote wa majani. Akageuka. Akaona uso wa baba mkwe: kope zimefungwa kabisa, midomo imebadilika rangi, kovu dogo kwenye paji la uso ambalo Asajile analo mahali palepale. Akamkamata bega na nyonga, akaweka mguu kwenye shina la mgomba, akavuta kama anavyovuta mtumbwi mchangani. Mzee akapinduka ubavu. Akamfungua kinywa kwa vidole, akazoa mate, mazito, mengi, akazoa tena, akamvuta taya mbele.

"Pumua," akasema. "Tata, pumua!"

Hakuna.

Akampiga kofi katikati ya mabega. "Pumua, mzee mkaidi wewe! Ulisema mkono uko sawa! Nani atamfundisha huyu mjukuu wako kukohoa njiani? Pumua!"

Ndani ya kifua kitu kikakwaruza kama mlango wa zamani. Hewa ikaingia. Ikatoka. Ikaingia.

Tulinagwe akakaa chini matopeni na taya la mkwewe mkononi, akaanza kulia na kucheka pamoja, na kwa kuwa aliogopa kimya kuliko alivyoogopa mwiko, akasema. Alisema kila kitu. Alimwambia kwamba nyimbo zake anaziimba juu mno, kina mama wote wanateseka. Kwamba kikohozi chake cha njiani watoto wote wa kijiji wanakiigiza. Kwamba yule kuku aliyedhani ameliwa na fisi aliliwa na Asajile. Mzee hakuweza kufumbua jicho wala kuinua kidole, lakini sumu hii huacha masikio wazi, na alipofika kwenye habari ya kuku pumzi ikamtoka puani kwa kishindo, na povu likafanya puto, likapasuka. Alikuwa anacheka. Anacheka kwa nafasi ndogo aliyobakiwa nayo.

"Usicheke, tata," akasema Tulinagwe, akimfuta. "Utapoteza hewa. Ngoja nikuambie habari za huzuni." Lakini hakuwa nazo. Mimba ikampiga teke, teke zito la mtu aliye hai na mwenye maoni yake, na akashindwa kabisa kukumbuka lolote la huzuni.

Wanaume walipofika na machela, Damari yuko mbele anakimbia na kaniki mkononi, walimkuta mzee amelala ubavu, kinywa kisafi, anapumua. Mkamwana alikuwa nyuma ya mgomba wake, amegeuza mgongo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Aliwaambia tu, huku akiutazama mgomba, kwamba wambebe hivyohivyo kwa ubavu, wasimwache mtu amlaze chali, wasimchanje, wasimnyweshe dawa yoyote mpaka ameze mwenyewe. Asajile alifika jioni na matope ya Mwaya miguuni, akachukua zamu ya kumshika baba yake taya, na watu wakapokezana.

Asubuhi mzee Ambilikile alimeza mate yake mwenyewe, na nyumba nzima ikapiga vigelegele kwa ajili ya mate. Jua lilipopanda akapata sauti, nyembamba, ya puani bado. Kope zilikataa kuinuka. Alilala hapo kama mtu anayesali bila kikomo, na Hezroni, aliyekuja kutoka Mwaya kuulizia mbuzi na akakuta msiba ambao haukutokea, alikaa kando yake. Damari alikuwa anamlisha uji kwa kijiko cha mti na mikono iliyokuwa bado inatetemeka, hivyo mwingi uliingia sikioni.

Tulinagwe alikuwa nje, nyuma ya ukuta wa mianzi, mahali pake pa siku zote. Ameuosha mkono wa kulia mara nyingi mpaka vidole vimekunjamana.

"Kuna mtu alinishika taya," sauti ya mzee ikasema ndani.

Kijiko kikasimama.

"Mtu alinitia vidole kinywani. Akanipiga. Akaniambia habari zangu zote. Ni nani?"

Hezroni akakohoa. "Alikuwa malaika, ndugu yangu," akasema. "Bwana hutuma malaika."

"Malaika hajaniita mkaidi," akasema Ambilikile. "Malaika hajui habari za kuku."

Tulinagwe alijua kwamba Damari anajua. Aliyaona macho yake yakitua kwenye mkono wake mara nyingi tangu jana. Akinyamaza tu, Hezroni atashikilia malaika wake, watu watakubali, na yeye atabaki nyuma ya mianzi na mwiko alioumeza peke yake, akiuhesabia kila mshtuko wa tumbo mpaka siku ya kuzaa. Akasogea karibu na ukuta.

"Ni mimi, tata."

Kijiko kilianguka. Mtu mmoja alivuta pumzi. Hezroni akasema, "Lo."

Tulinagwe alisikia godoro la majani likichakarika, akamsikia mzee akipumua, ndani, nje, ndani, nje, na akajikuta anapumua pamoja naye, kama jana.

"Basi njoo uninyweshe uji," akasema mzee. "Huyu mama yako ananijaza kama gunia."

"Mimi?" akasema Damari, nusu kilio, nusu kicheko. "Mimi ninayetetemeka kwa ajili yako?"

"Tetemeka, mke wangu, lakini mbali na sikio langu. Na mimba ya mwanangu ipite salama. Nasema mimi, mwenye mwiko wangu, mbele ya Mungu na mbele ya Hezroni. Umesikia huko nje?"

"Nimesikia. Niingilie mlango wa mbele au wa nyuma?"

"Wa mbele. Uinamishe kichwa, kizingiti kiko chini."

Akazunguka nyumba. Wanawake wenzake, wakamwana wa mzee walioolewa na ndugu za Asajile, walikuwa wamejazana uani, mikono vinywani, wanamtazama kama anayekwenda kuruka ziwani. Akafika mlangoni, akaanza kuinamisha kichwa, akaona hakuna haja. Kizingiti kilikuwa juu kabisa ya utosi wake. Akaingia wima.

Mzee Ambilikile akapeleka kidole kwenye jicho lake la kushoto, akainua kope kama mtu anayefunua kifuniko cha chungu kuona kama maji yamechemka. Jicho likazunguka, likatafuta juu, halikuona mtu, likashuka, likashuka tena, likamkuta.

"Kumbe ni mfupi hivi!" akasema.